Mabibo mpaka Posta kwa baiskeli: upite Morogoro Road au Kigogo, na uende na baiskeli gani

Kijana wa jirani yangu hapa Mabibo kapata kazi Posta, kule katikati ya Dar, na kwa vile ananiona natoka na baiskeli kila siku akaja jioni moja kuniuliza, "kaka, ninunue helmeti ya aina gani?" Nikamwambia helmeti tutaifikia, kwanza niambie utapita wapi. Akanishangaa. "Si Morogoro Road tu, kwani kuna nyingine?" Ipo, na tulikaa pale nje mpaka usiku tukilinganisha, ndo maana nimeona niyaandike maana najua wako wengi wanaotaka kuachana na kubanana kwenye daladala ila wanaogopa, na hawakosei kuogopa, Dar sio mji wa kuingia barabarani kichwa kichwa. Mi naamini hivi, usalama wa mtu wa baiskeli hapa mjini unaamuliwa kwanza na njia, alafu saa unayotoka, alafu baiskeli yenyewe, helmeti inakuja mwishoni kabisa. Watu wengi wanaanzia mwishoni.

Kitu cha kwanza uelewe ramani. Huwezi kutoka Mabibo ukafika Posta bila kuvuka Mto Msimbazi, na sehemu za kuvukia ni chache. Kuna Jangwani kwa Morogoro Road, kuna pale Kigogo kwenda Ilala kwa Kawawa Road, na kuna Mandela Road upande wa Tabata. Kule Daraja la Selander mtu wa Mabibo anakuwa kazunguka mno. Kwa hiyo mjadala wote wa "nipite wapi" kwa kweli ni mjadala wa unavuka mto wapi.

Mandela Road naiondoa mapema. Ile ndo njia ya malori ya bandarini, makontena mchana na usiku, na lori likikupita karibu lile tela linakuvuta kwa upepo wake kabisa unahisi usukani unacheza. Kuna watu wanapita na nawaheshimu, lakini mtu anayeanza simshauri hata siku moja.

Tunabaki na mbili.

Morogoro Road ilijengwa upya kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi, ile awamu ya kwanza iliyoanza kazi Mei 2016, kilomita kama 21 ukichanganya na matawi ya Morocco na Kariakoo, na pamoja na barabara za mabasi wakaweka pembeni njia ya waenda kwa miguu na baiskeli. Hiki ni kitu kikubwa jamani, tusikidharau, UWABA ambao ni umoja wa waendesha baiskeli wa Dar wamepiga kelele za kudai njia za baiskeli miaka mingi sana. Ukiingilia Urafiki asubuhi saa 12 na nusu, wauza bidhaa bado hawajapanga, unakanyaga mpaka Magomeni huku magari yakiwa ng'ambo ya kingo, yani hakuna mtu anakupigia honi mgongoni. Kwa anayeanza huo utulivu una thamani kubwa, maana hofu yenyewe inasababisha ajali, ukishtuka unayumba na ukiyumba kwenye magari ndo imetoka hiyo.

Sasa shida zake. Njia ile inakatwa kila penye mtaa unaoingia, na pale inapokatwa ndo penye hatari. Gari linatoka Morogoro Road linakunja kushoto kuingia mtaani, dereva kaangalia mbele na kaangalia kioo cha kulia kwake, wewe uko kushoto kwake na unakuja kwa mwendo, hajakuona kabisa. Sio kwamba ana roho mbaya, hajakuona. Mi kwenye kila mtaa naacha kukanyaga, vidole viko kwenye breki, namtafuta dereva macho, nisipoyaona macho yake nachukulia kwamba hajaniona na nasubiri. Unapoteza sekunde tano tu.

Pili ni bodaboda. Wanaitumia ile njia kama yao, na mara nyingi wanakuja upande ambao sio, uso kwa uso na wewe. Usibishane na pikipiki, jua mapema utakwepea upande gani, na mi siku zote nakwepea kushoto na wao wengi wanajua hivyo.

Tatu ni jioni. Kuanzia saa 11 Manzese ni soko, viatu chini, nyanya chini, mahindi ya kuchoma, mtu kaweka jiko katikati ya njia ya baiskeli, na siwalaumu maana wanatafuta riziki kama sisi na hakuna aliyewatengea sehemu ya kutosha. Ila matokeo yake ni kwamba wewe wa baiskeli unasukumwa kuingia barabarani kwenye magari, na unaingia ghafla sehemu ambayo dereva hakutegemei, alafu giza nalo ndo linaingia. Kwa hiyo njia ambayo asubuhi ni salama kuliko zote, jioni inageuka kuwa mbaya kuliko zote. Hii ndo sehemu watu hawaielewi wanapouliza "njia gani salama", njia ile ile moja inakuwa njia mbili tofauti kwa siku moja.

Na kuna jambo nitalisema kwa msisitizo, usiingie barabara ya mwendokasi. Najua inavutia, ni nyeupe, haina foleni, na unaona wengine wanapita. Lile basi refu lina mita 18, likija nyuma yako kwa kasi dereva hana pa kukukwepea maana pembeni kuna kingo, na wewe huna pa kutokea kwa sababu hiyo hiyo. Hapo hakuna bahati.

Jangwani napo pana yake. Kipindi cha masika, Machi mpaka Mei, na hata vuli, mto ukijaa barabara inafungwa, hilo linajulikana. Kisichosemwa ni siku ya pili, maji yameshuka, jua linawaka, watu wanapita, lakini kwenye lami kumebaki tope laini lililokauka juu tu, chini bado bichi. Ukilitazama unaona vumbi la kawaida. Ukikata usukani juu yake tairi la mbele linateleza kama umekanyaga sabuni. Pale nenda moja kwa moja, usikate, usifunge breki ya mbele, au teremka usukume, mita zenyewe sio nyingi.

Haya, Kigogo. Unatoka Mabibo Sokoni, Luhanga, unaingia Kigogo, unaikamata Kawawa Road unavuka mto unatokea Ilala, Karume, alafu unashika Uhuru mpaka Mnazi Mmoja na hapo Posta umefika. Hakuna njia ya baiskeli huku, uko na daladala, bajaji, guta, mikokoteni, kila kitu. Mtu akiiangalia anasema bora Morogoro Road mara mia. Lakini angalia mwendo. Kipande cha Mabibo mpaka Kigogo barabara ni nyembamba, matuta mengi, foleni ya jioni gari linaenda sawa na baiskeli au chini. Na kinachoua ni mwendo. Gari likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, ambao ndo mwendo unaoruhusiwa maeneo ya makazi, linakula kama mita 14 kila sekunde, dereva akichelewa sekunde moja tu kukuona ni urefu wa daladala mbili huo. Na mwendo ukiongezeka mara mbili nguvu ya kugonga inaongezeka mara nne. Kwa hiyo gari kumi zinazotambaa pembeni yako ni afadhali kuliko moja inayokimbia.

Ubaya wa Kigogo ni ukingo wa barabara. Lami imelika, pembeni kuna shimo refu kidogo alafu mtaro wazi, na watu wa baiskeli kwa woga wanajibana huko huko ukingoni, daladala inawapita kwa kuwakwangua wanatumbukia mtaroni. Usijibane. Kaa kama mita moja kutoka ukingoni, nenda mstari ulionyooka, gari likitaka kukupita lipite pale penye nafasi. Watapiga honi, vumilia, anayepiga honi maana yake amekuona.

Alafu mjifunze lugha ya makonda, mi imeniokoa mara nyingi kuliko breki. Ukiwa nyuma ya daladala ukasikia abiria anasema "shusha", au konda anagonga bodi, au umemuona ananing'inia mlangoni mkono umetoka nje, hiyo gari inaenda kushoto sa hivi na mlango unafunguka kushoto. Usipite kushoto kwake hata kama pana nafasi. Ama usubiri nyuma, ama kama kulia ni kweupe geuza shingo uangalie kwanza, nyoosha mkono, ndo upite. Kosa la kupita kati ya daladala na kituo naliona kila siku, na anayeumia sio mwenye baiskeli peke yake, unamgonga mama wa watu anateremka na mtoto.

Ukishavuka mto barabara inapanuka na magari yanakimbia, hapo ndo kipande kibaya cha njia hii, mpaka uingie Karume ambako watu ni wengi na kila mtu anapunguza mwenyewe.

Nikiziweka pamoja basi: asubuhi kabla ya saa 1, Morogoro Road bila kufikiria mara mbili, una kama dakika 40 kwa mwendo wa kawaida usiotoa jasho la kuaibisha ofisini. Saa 2 asubuhi zimelingana, hapo chagua kwa moyo wako. Jioni, Kigogo. Kukiwa na mvua kubwa usipite yoyote, zote mbili zinavuka bonde lile lile la Msimbazi, acha baiskeli kazini urudi na gari. Na kama unafanya kazi Kariakoo badala ya Posta, Kigogo inakufaa zaidi maana unakwepa kule kuanzia Fire kuingia katikati ya mji ambako watu wamejaa na inabidi uteremke usukume.

Makutano makubwa zingatia kitu kimoja. Pale Magomeni Morogoro Road inapokutana na Kawawa Road kuna taa lakini mara nyingi trafiki ndo anaongoza kwa mkono, taa ikiwa kijani haikuhusu, muangalie yeye. Ukikuta lori limesimama usijipenyeze kushoto kwake ukasimama usawa wa mlango, dereva kakaa kulia juu huko hakuoni, akikunja kushoto anakufagia na matairi ya nyuma. Kaa nyuma yake kabisa, au mbele kabisa anapoweza kuona uso wako.

Baiskeli sasa. Kwa bei ambazo mfanyakazi wa kawaida anaweza, kuna makundi matatu unayoyakuta mjini: Phoenix, mtumba wa Kijapani zile za kikapu, na maunteni, yani mountain bike. Nimemiliki zote tatu.

Phoenix ni chuma kweli kweli. Keria inabeba gunia, spea zipo kila kona, fundi yeyote chini ya mti anaijua kwa kuigusa. Lakini breki zake ni zile za fito, mpira unabana ringi ya chuma iliyopakwa kromu, na kromu ikilowa mvua breki inakuwa kama haipo, unabana unabana inateleza tu, mpaka ringi izunguke mara kadhaa ifute maji ndo inaanza kushika. Kwa kijijini sawa. Kwa mji ambao bajaji inasimama mbele yako bila taarifa, mi nimeshaacha. Alafu nzito, kama kilo 20, ukilazimika kuinyanyua kuvuka kingo utajuta.

Ya Kijapani ndo naipendekeza kwa wengi, hasa akina dada, maana fremu imeinama katikati unapanda na gauni au sketi bila shida, mnyororo umefunikwa, ina madgadi, kikapu, kengele, kufuli la tairi la nyuma na dainamo ya kuwasha taa. Breki ya nyuma nyingi iko ndani ya kibati haisumbuliwi na mvua, inapiga kelele tu, na kwa Dar hata ile kelele ni msaada. Ubaya wake matairi ni membamba. Mi yangu iliniangusha hivyo, kulikuwa na mfuniko wa mtaro wa vyuma, nondo zake zimelala kuelekea mwendo wa barabara badala ya kukatiza, tairi la mbele likaingia kati ya nondo mbili likakaa humo, mi nikaendelea. Nilitua na kiganja na goti, nguo imechanika, na bahati nyuma yangu kulikuwa na mkokoteni sio gari. Tangu siku hiyo naiangalia barabara mita tano mbele ya tairi, sio kwenye tairi lenyewe.

Ndo nikahamia maunteni, ya mtumba, fremu ya chuma na haina springi. Nasisitiza haina springi, maana zile springi za baiskeli za bei nafuu ni uzito tu, zikichakaa zinacheza na usukani haukutii. Tairi nene halizami kwenye nondo, ukingo wa lami uliolika linaupanda, na gia zinakusaidia kuondoka haraka pale unapohitaji kuondoka haraka. Ila inakuja mtupu, haina madgadi, haina keria, haina taa, haina kengele, inabidi uongeze mwenyewe kidogo kidogo, na kama tairi lina kashata kubwa za porini, yale meno yake, badilisha uweke laini, kwenye lami yenye maji kashata kubwa zinateleza zaidi, watu wengi wanadhani kinyume chake.

Kwa hiyo kama njia yako ni Morogoro Road asubuhi na jioni unarudi na usafiri mwingine, chukua ya Kijapani. Kama utapita Kigogo kila siku, maunteni. Phoenix iwe ya mwenye mzigo mzito kweli.

Yoyote utakayochukua jaribu breki kabla hujalipa. Za Kijapani na Uingereza mkono wa kulia kwa kawaida ni breki ya mbele, mitumba ya Ujerumani na Uholanzi mara nyingi ya mbele ni kushoto, na baadhi yake breki ya nyuma unakanyaga pedali kurudi nyuma. Usipojua utalifungia tairi la mbele siku ya dharura na utaruka juu ya usukani.

Taa na helmeti, kama hela inatosha kimoja kwanza, nunua taa. Dar jua linazama mwaka mzima kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasoro dakika 10 hivi, kwa hiyo mtu wa ofisini akichelewa kidogo tu anarudi gizani, iwe Januari iwe Julai. Helmeti inalinda kichwa ukishaanguka, taa inafanya usigongwe. Dainamo ni nzuri lakini ukisimama inazima, yani pale kwenye mataa, magari yanapokuja nyuma yako, ndo unapotea, ongeza taa nyekundu ya betri nyuma. Na kizibao cha reflekta vaa juu ya begi au funga kwenye begi, wengi wanavaa kizuri kabisa alafu wanaweka begi jeusi mgongoni linakifunika chote. Helmeti ununue mwezi unaofuata, nayo ni lazima, mkanda ubane chini ya kidevu vidole viwili tu vipite, isiwe kofia ya pikipiki utapikika humo ndani.

Kijana kaenda kununua ya Kijapani, nimemwambia aibadilishe tairi la mbele aweke lenye upana kidogo kama fremu inaruhusu. Jumapili hii saa 12 na nusu asubuhi tunakutana Mabibo Sokoni, barabara zikiwa nyeupe. Kwenda tunapita Morogoro Road nitamtangulia, kurudi tunapita Kigogo na hapo yeye ndo atakuwa mbele, nataka nimuone anavyogeuza shingo kabla ya kuhamia kulia. Asipogeuza, Jumatatu haendi na baiskeli, tutarudia Jumapili nyingine.